Namna ya kuchora ramani ya sehemu maji ya mvua yanakozama ardhini: picha za setelaiti, QGIS na mawe yetu ya Mwanza

Mtu wa nje akisikia Mwanza kuna shida ya maji anacheka, anakwambia si mna ziwa zima pale. Sawa, ziwa lipo, ila toka mjini, pita Usagara, ingia ndani ndani kule Misungwi au Kwimba uone wamama wanavyopanga foleni ya madumu kwenye pampu ya mkono mwezi wa tisa. Bomba la ziwa halijafika kila kitongoji na kisima ndo tegemeo, na kisima kinaishi kwa maji ya mvua yaliyozama ardhini. Sasa yanazama wapi? Hilo swali unaweza kuanza kulijibu ukiwa na laptopu ya kawaida, bando, na uvumilivu wa wiki mbili hivi, bila kununua programu hata moja.

Tuelewane mapema kuhusu hii ramani. Inakupa uwezekano, yaani eneo hili lina sifa nzuri za kupitisha maji kwenda chini kuliko lile. Haikwambii ni milimita ngapi zimeingia na haikwambii uchimbe hapa utapata lita elfu tano kwa saa, hiyo ni kazi ya sarvei ya ardhini kwa vipimo vya umeme. Maji yanaweza kuzamia hapa yakaja kutokea bondeni kilomita mbili mbele. Wengi wanachanganya hivi vitu viwili afu kisima kikitoka kikavu wanalaumu setelaiti.

Anza na ardhi, laptopu baadaye

Hii ndo sehemu watu wanairuka, na ndo inaharibu ramani nyingi ninazoziona. Mtu anachukua makala ya India, anakopi alama na uzito wa kila leya (yaani kila tabaka la taarifa linalounda ramani, kama mteremko au udongo), anabadilisha tu mipaka, ramani inatoka na rangi nzuri kabisa na inadanganya. Kwenye hizo makala utakuta "ardhi tambarare = maji yanazama sana". Kwetu tambarare kubwa ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia, mvua za kwanza zinapita kwenye zile nyufa vizuri tu, baada ya hapo udongo unavimba, unajifunga, na maji yanabaki juu. Ndo maana watu wanalima mpunga kwenye majaruba pale! Kama maji yangekuwa yanazama nani angepata mchele?

Wasukuma wana majina ya udongo kufuata mteremko tangu kitambo, na kwa kazi hii yanasaidia kuliko vitabu vingi. Juu kwenye vilima na miguu yake kuna luseni, mchanga mchanga uliotokana na granaiti kuoza. Ukishuka unakuta itogolo, juu unaonekana wa kawaida ila chini kuna tabaka gumu kama sakafu. Bondeni kabisa ndo mbuga. Andika hiyo orodha kwenye daftari, utaihitaji.

Na mawe yenyewe. Mwamba wetu mkubwa ni granaiti ya zamani sana, jiwe zima lisilo na nafasi ya kutunza maji, kwa hiyo maji yanakaa sehemu mbili tu: kwenye mwamba uliooza na kwenye mipasuko iliyo chini yake. Niliwahi kwenda kijiji kimoja cha Kwimba, kisima kilichochimbwa katikati ya uwanda kilikuwa kimekauka tangu mwaka wake wa kwanza, ila hatua kama mia tatu kutoka hapo, chini ya mlima wa mawe, kuna kisima cha kienyeji kilichofunikwa na mbao mbili na maji yapo. Mzee mwenye shamba akaniangalia na GPS yangu, akaniambia, "Mwanangu, jiwe hili ni bati, hapa uliposimama ndo kwenye gata." Mi nimesoma kurasa nyingi kuhusu haya mambo ila hiyo sentensi moja ndo imebadilisha namna ninavyochora. Mvua inapiga jiwe, haiingii, inateleza yote mpaka mguuni, na pale mguuni kuna luseni. Leya ya mteremko peke yake haiwezi kukuonyesha hilo, kwa hiyo tutaitengenezea leya yake.

Kukusanya data

Programu ni QGIS, ya kuchora na kukokotoa ramani, ya bure. Data nazo za bure, ila zingine nzito, kwa hiyo shusha usiku bando likiwa la bei ya chini.

Mwinuko wa ardhi: chukua SRTM ya mita 30, ile iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi wa pili mwaka 2000, au Copernicus GLO-30 ambayo mi naipenda zaidi kwa sababu ni ya karibuni na vilima vidogo vinaonekana vizuri. Vipande vya SRTM vinavyofunika jiji ni S03E032 na S03E033, na kwa Kwimba ya kusini ongeza S04E033. Picha: setelaiti ya Sentinel-2, pikseli (kimraba kimoja cha picha) mita 10, tafuta za mwezi wa saba mpaka wa tisa maana mawingu ni machache. Matumizi ya ardhi: ESA WorldCover ya 2021. Udongo: iSDAsoil ya mita 30 au SoilGrids ya mita 250. Mvua: CHIRPS, inaanzia 1981, pikseli yake ni kama kilomita tano na nusu.

Jiolojia ndo ngumu kidogo. Ramani zinatolewa na GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, Dodoma, na nyingi za zamani ziko kwenye karatasi zilizoskaniwa, kwa hiyo itabidi uipachike kwenye kodineti mwenyewe afu uchore mipaka ya miamba kwa mkono. Hapa kuna mtego: ramani za zamani za Tanzania zinatumia mfumo wa kodineti wa Arc 1960, na GPS na setelaiti zinatumia mfumo wa WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha unapata tofauti ya karibu mita 300. Mita 300 ni tofauti ya mguu wa mlima na katikati ya mbuga! Kwenye QGIS kila mfumo una namba yake ya EPSG: kwa eneo letu Arc 1960 ni EPSG:21036, na unayotaka kufanyia kazi ni EPSG:32736, yaani WGS84 kwa UTM zoni 36 kusini, inayopima kwa mita badala ya digrii.

Badilisha kila kitu kwenda 32736 kabla ya hesabu yoyote. Mara ya kwanza kabisa mi nilikokotoa mteremko rasta (leya ya pikseli) ikiwa bado kwenye digrii, ikanitolea wilaya nzima ina mteremko wa digrii 89, nikakaa siku nzima natafuta faili lililoharibika kumbe programu ilikuwa inagawa mita kwa digrii. Ukishabadilisha, kata leya zote kwa mpaka mmoja, pikseli mita 30, na hakikisha zinakaa juu ya nyingine bila kupishana hata nusu pikseli. Ziwa litoe kabisa kwa kutumia namba 80 ya WorldCover, ndo namba yake ya maji, la sivyo ziwa nalo litapewa alama kama ardhi tambarare nzuri sana na utachekwa.

Kutengeneza leya, moja moja

Kila leya mwisho wake iwe na alama 1 mpaka 5, 5 ikiwa maji yanazama vizuri.

Mteremko ni rahisi: digrii 0–2 ipe 5, 2–5 ipe 4, 5–10 ipe 3, 10–20 ipe 2, zaidi ya hapo 1. Usiogope mbuga kupata 5 hapa, leya ya udongo itaishusha.

Udongo: tumia asilimia ya mfinyanzi, na usichukue ya juu juu tu kwa sababu ya lile tabaka gumu la itogolo. iSDAsoil ina kina cha sentimita 20–50, SoilGrids inashuka mpaka sentimita 200. Chini ya asilimia 10 ipe 5, 10–20 ipe 4, 20–30 ipe 3, 30–40 ipe 2, zaidi ya 40 ipe 1. Angalizo, SoilGrids inaandika kwa gramu kwa kilo, 350 ni asilimia 35, kwa hiyo gawa kwa kumi kwanza.

Mipasuko inataka macho. Tengeneza kivuli cha vilima kutoka kwenye data ya mwinuko mara nne, jua likitokea nyuzi 0, 45, 90 na 135, urefu wa jua nyuzi 30, maana mpasuko unaofuata uelekeo wa mwanga hauonekani, ukigeuza jua unajitokeza. Chora mistari iliyonyooka kwa mkono: mabonde yaliyonyooka kama rula, mito inayokata kona ghafla, mistari ya miti kwenye picha ya kiangazi. Kuna programu zinazochora zenyewe, mi nazitumia kukumbusha tu kwa sababu hazijui kutofautisha mpasuko na barabara. Niliwahi kuipa moja picha ya Sentinel ya upande wa Misungwi ikanichorea lami, reli na laini ya umeme, zote "mipasuko". Kwa hiyo weka juu barabara na reli za OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na ufute kila kinachofanana. Jihadhari pia na daiki za dolerite, yaani kuta za mwamba mweusi zilizopenya katikati ya granaiti, zinanyooka vizuri sana lakini zingine zinazuia maji kama ukuta badala ya kuyapitisha. Ukimaliza, kokotoa msongamano wa mistari kwa nusu kipenyo cha mita 1,000 au zaidi kidogo, afu gawa madaraja matano.

Miguu ya mawe sasa, leya ya yule mzee. WorldCover namba 60 ni ardhi tupu, humo ndo mawe mengi yanaangukia, ila mchanga wa mtoni na viwanja vya mpira navyo vimo. Kwa hiyo chukua namba 60 penye mteremko zaidi ya digrii 5 au 8, afu kaa uisafishe kwa jicho juu ya picha ya Sentinel, ongeza mawe yaliyofunikwa na vichaka. Jijini kama Igogo na Mabatini nyumba zimepanda mpaka katikati ya mawe na setelaiti inaona mabati tu, huko chora kwa mkono. Afu tumia tuli ya Proximity kupata umbali kutoka kwenye jiwe. Jiwe lenyewe ipe 1. Mita 0–100 kutoka jiwe ipe 5, 100–250 ipe 4, 250–500 ipe 3, 500–1,000 ipe 2, mbele ya hapo 1. Hizo namba ni za kwangu kwa kuangalia luseni inavyoenea kule nilikozunguka, kwako kama luseni inaishia mita 60 badilisha.

Jiolojia: granaiti iliyooza vizuri na mashapo ya mchanga ya mitoni yapate juu, granaiti mbichi chini, miamba ya kijani ya Nyanzian (miamba ya zamani ya volkano na mashapo) katikati kutegemea ilivyopasuka. Ramani haikwambii uozo una kina gani, kumbukumbu za uchimbaji ndo zinakwambia, kwa hiyo ukipata hata visima ishirini vyenye maelezo ya tabaka, vitumie kurekebisha.

Matumizi ya ardhi yaende haraka: miti na vichaka 5, nyasi 4, mashamba 3, ardhi tupu 2, majengo 1. Kama unajua ngitili (malisho yanayofungwa na kutunzwa) zilipo zichore, setelaiti inaziita vichaka au nyasi tu wakati ardhi yake haijakanyagwa na ng'ombe na inakunywa maji kuliko malisho ya wazi.

Vijito: jaza mashimo ya data ya mwinuko kwanza kwa tuli ya QGIS inayoitwa Wang na Liu, toa vijito kwa kizingiti cha pikseli 500 hivi, afu msongamano. Vijito vingi maana yake maji yanakimbia, alama chini. Ila mito yetu ya mchanga yenyewe inanyonya, watu wanachimba mchangani kiangazi wanapata maji, kwa hiyo hii leya siiamini sana.

Mvua? Ndani ya wilaya moja naiacha. Tofauti ni ndogo na kwa pikseli ya kilomita tano unapata viboksi vikubwa vinavyoharibu ramani yote. Ukifanya mkoa mzima, Ukerewe mpaka Kwimba, hapo iweke.

Kugawa uzito bila kubahatisha

Njia maarufu ni AHP ya Thomas Saaty, njia ya kupanga vitu kwa umuhimu. Unalinganisha leya mbili mbili kwa alama 1 mpaka 9: ipi ina nguvu na kwa kiasi gani. Tuchukue tatu tu uone. Nasema jiolojia ina nguvu mara 2 ya mipasuko na mara 4 ya mteremko, na mipasuko mara 3 ya mteremko. Safu ya jiolojia inasomeka 1, 2, 4. Mipasuko 0.5, 1, 3. Mteremko 0.25, 0.33, 1. Jumlisha kila kolamu kwenda chini: 1.75, 3.33, 8. Gawa kila namba kwa jumla ya kolamu yake, afu chukua wastani wa kila safu. Inakuja 0.56, 0.32 na 0.12. Basi, ndo uzito.

Afu kuna kipimo cha kuangalia kama hujajipinga mwenyewe, maana unaweza kusema A inamzidi B, B inamzidi C, afu C inamzidi A bila kujua. Zidisha kila namba ya safu kwa uzito wa kolamu yake, jumlisha, gawa kwa uzito wa safu yenyewe, wastani wa safu zote hapa unakuja 3.018. Toa 3, gawa kwa 2, unapata 0.009, gawa tena kwa 0.58 ambayo ni namba ya Saaty kwa vitu vitatu, inakuja kama 0.016. Ikiwa chini ya 0.10 uko salama. Kwa leya saba badala ya 0.58 ni 1.32, na unatoa 7 afu unagawa kwa 6. Excel inatosha.

Kwa saba zangu nimeishia hapa: jiolojia 0.26, mipasuko 0.21, udongo 0.19, miguu ya mawe 0.14, mteremko 0.09, matumizi ya ardhi 0.07, vijito 0.04. Usikopi, kwa sababu zilezile nilizolalamikia makala za India. Kaa na mtu wa sarvei ya maji na mtu mmoja anayelima eneo hilo, mbishane, ndo ujaze.

Kwenye kikokotoo cha rasta unaandika mstari mmoja:

"jiolojia@1"*0.26 + "mipasuko@1"*0.21 + "udongo@1"*0.19 + "mawe@1"*0.14 + "mteremko@1"*0.09 + "ardhi@1"*0.07 + "vijito@1"*0.04

Matokeo yawe kati ya 1 na 5. Ukiona 7 au sifuri kuna leya hujaigawa madaraja. Gawa madaraja matano kwa njia ya Jenks, inayokata penye mapengo ya asili kwenye namba, afu rudia hesabu ukipandisha na kushusha uzito wa kila leya kwa asilimia 20. Sehemu zinazobaki daraja lilelile kila mara ndo unaweza kuzisema kwa sauti, zinazorukaruka zipake mistari mistari kwenye ramani watu wajue.

Kuihoji ramani

Ramani isiyohakikiwa ni picha ya ukutani. Omba data za visima RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria: kodineti, kina, maji yanaanzia mita ngapi, lita kwa saa. Visima visivyopimwa vizuri vitoe. Soma daraja la ramani kwenye kila kisima, ona kama vizuri viko kwenye madaraja ya juu. Ukichora ROC, grafu inayopima ramani inavyotenganisha visima vizuri na vibaya, eneo chini ya mstari likiwa 0.5 ni sawa na kurusha shilingi, kuanzia 0.7 kuna kitu cha kuongea. Ila kumbuka kisima kinaweza kuwa kibaya kwa sababu mchimbaji aliishia njiani, sio kosa la ardhi.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi ni kina cha maji cha kiangazi na baada ya masika kwenye kisima kilekile. Kamba yenye uzito inatosha. Maji yakipanda mita 2, na tabaka lako lina nafasi ya asilimia 3, maji yaliyoingia ni kama milimita 60. Pima asubuhi sana kabla watu hawajaanza kuchota, vinginevyo unapima foleni.

Ya bei rahisi zaidi ni NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, ya mwezi wa nane au wa tisa kwa Sentinel-2: bendi 8 kutoa bendi 4, gawa kwa jumla yake. Uwanda wote umekuwa kahawia, utaona pete za kijani chini ya vilima. Zingine ni bustani za mboga zinazomwagiliwa, nenda kaulize, maana bustani ya kiangazi mara nyingi ina kisima kifupi pembeni yake na hiyo nayo ni data.

Mwisho nenda shambani na pete mbili za chuma, ya ndani sentimita 30, ya nje 60. Zigonge ardhini kidogo, jaza maji zote mbili, pima ya ndani inashuka milimita ngapi kwa saa mpaka kasi itulie. Mchanga unapita 30, mfinyanzi unakuwa 1 mpaka 5. Fanya angalau sehemu tatu kufuata mteremko, luseni, itogolo, mbuga, na mbugani fanya kiangazi na urudi masika maana ni udongo mmoja wenye tabia mbili. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mwenye shamba, na beba maji yako mwenyewe, madumu manne au matano ya lita 20, usije ukaenda kumwaga chini maji ambayo mama wa watu kayafuata kilomita tatu.

Rudi na hizo namba, rekebisha alama za udongo na za miguu ya mawe, endesha tena. Ramani ya kupeleka kijijini ichapishe A3, weka majina ya vitongoji, shule na vilima, sio kodineti tu, na andika pembeni kwa herufi kubwa kwamba haionyeshi ubora wa maji: floraidi ipimwe kisimani, isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Zile pete za daraja la juu chini ya mawe, ambako maji yanazama haraka, choo cha shimo nacho kinazama haraka vilevile, kwa hiyo ukiwa mkutanoni onyesha kwa kidole vyoo vilipo na visima vilipo, watu wenyewe wataanza kubishana kabla hujamaliza.